Spana Niliyoikalia

Kwetu Kimuli, posa haijawa posa mpaka mkwe aibiwe kitu. Wala si wizi wa kupelekana polisi. Wageni wakishakaa, mashangazi wa binti wanachagua kitu kimoja cha kijana anayeposa, kiatu, kofia, ufunguo wa gari, wanakificha, kisha wanatulia kama hawajui. Kijana akigundua, anauliza kwa adabu, anapiga goti, upande wake unatoa kitenge au kreti ya soda, kitu kinarudi, watu wanacheka, mambo yanaendelea. Hapo mkwe anakuwa amejua kwamba nyumba hii ina wanawake wenye macho.

Na mkuu wa mashangazi hao katika ukoo wetu ni mimi, Evaresta. Kazi hiyo nimeifanya miaka ishirini. Kuna mkwe wetu mmoja nilimfichia kiatu cha kushoto, akaona haya kuuliza, akaenda chooni na cha kulia tu, siku ya mvua, akarudi na tope mpaka gotini. Mpaka leo tukikutana sokoni Nkwenda anatazama miguu yake kwanza ndipo aniamkie.

Sasa mwaka jana, mwezi wa saba, kahawa imeanikwa kila ua, ikaja zamu ya Joviana, binti wa kaka yangu Elipidius. Joviana ni muuguzi. Miaka miwili nyuma alimuuguza mama mmoja wa Nyabiyonza aliyevunjika mguu, Mama Agnetha, na yule mama akiwa pale kitandani, mguu juu, akaanza kumpigia hesabu muuguzi wake. Alipotoka hospitali alikuwa na gongo mkono mmoja na namba ya simu ya Joviana mkono wa pili. Namba akampa mwanawe, Aristides Byabato, anayefanya kazi Ghuba, huko kwa Waarabu, kwenye shirika la ndege.

Kazi gani? Hapo ndipo kijiji kilipata chakula. Wengine walisema ni rubani. Wengine wakasema mwongo, anaosha ndege kwa mpira wa maji. Dukani kwangu, ambako watu hununua chumvi ya mia tano na kukaa saa mbili, ikasemwa kwamba anabeba mabegi. Hiyo ya mabegi sitaki kudanganya, niliianzisha mimi.

Kumbe alikuwa mhandisi. Fundi wa ndege mwenye leseni. Alisomea Dar es Salaam, akaenda Addis Ababa kuongeza, kisha akachukuliwa Ghuba kwa mkataba, na mkataba ukawa unafanywa upya, mpaka ikatimia miaka tisa. Anakuja likizo siku ishirini na moja. Katika siku hizo ishirini na moja alitaka apose, akubaliwe, arudi kazini kuandaa karatasi za mke.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa hajatulia. Jioni ya kuamkia posa aliniita nyuma ya nyumba, akanipa kahawa ya kutafuna, tukatafuna kwanza. Kisha akatema ganda.

"Eva, mtoto akiolewa Kayanga, akionewa, nafika na pikipiki kabla machozi hayajakauka. Akiolewa Ghuba nitafika na nini?"

"Na ndege," nikamwambia. "Si mkwe wako anazo?"

Hakucheka. "Kule hakuna ukoo. Hakuna shangazi, hakuna baba mdogo wa kumkemea. Kuna huyo kijana na neno lake, basi. Na neno lake mimi sijaliona likifanya kazi. Kesho nitamtazama. Nikiliona lina tundu nitasema hapana mbele ya watu wote, na lubisi lao la ndizi watarudi nalo."

Namjua kaka yangu. Akisema hapana, hata padri hamgeuzi. Nikaenda jikoni nikamkuta Joviana anamenya ndizi, nikamweleza. Hakuacha kumenya.

"Shangazi, tata akikataa sitatoroka," alisema. "Mimi si mtu wa kutoroka. Ila mwingine simtaki, wasinitafutie." Kisu kikaendelea, kras, kras. Nilimlea mwenyewe huyu alipokuwa anasoma, namjua na yeye. Ana kichwa cha baba yake.

Kesho yake wakaja saa nne, magari mawili na pikipiki tatu, wanaume wamevaa kanzu na makoti, lubisi kwenye vibuyu vilivyozibwa kwa majani ya mgomba. Msemaji wao alikuwa Mzee Protase, mdomo wake ungeweza kuuza maji ziwani. Kijana mwenyewe alikuja na shati jeupe, mrefu, mkimya, mikono imeoshwa mpaka kucha zinang'aa. Vero akaninong'oneza. Vero ni mke wa jirani, na katika kazi zangu hizi ndiye msaidizi wangu.

"Mikono hii haijabeba begi hata moja."

"Nyamaza, ulimsikia nani?"

"Nilikusikia wewe."

Watu walikuwa kama arobaini. Kikapu cha kahawa kikazunguka, salamu zikaisha, Protase akasimama na kuanza kumwaga sifa. Ndege zenye watu mia tatu. Ndege hairuki mpaka kijana wao aweke sahihi. Rubani mwenyewe, Mzungu, anamngoja. Alipofika kwenye Mzungu anayengoja, kaka yangu akakohoa.

"Mzee Protase, nimesikia. Bahati mbaya mimi sina ndege. Nina mashine ya kusaga, iko pale bandani. Imelala wiki tatu. Mafundi wawili wameishika, na kila akiondoka mmoja inaumwa zaidi."

Watu wakacheka, kisha wakaona mzee hacheki, nao wakaacha.

"Mzee," alisema Protase, "leo tumekuja kwenye posa, hatukuja gereji."

Lakini kijana alikuwa amekwisha kusimama, anavua koti. "Baba, mashine ya kusaga sijawahi kutengeneza. Naomba niione. Nikishindwa nitasema nimeshindwa."

Nikamwona kaka yangu anainua nyusi moja. Kwake hiyo ni hotuba.

Aristides akaenda kwenye gari akarudi na kifurushi cha turubai kilichofungwa kwa mkanda. Kumbe mtu amekuja kuposa na spana! Vero nusura aanguke. Akaomba kitambaa safi, Joviana akatoa kitenge chake mwenyewe, naye akakitandika chini, akakunjua turubai, akazipanga zile zana moja moja: spana, bisibisi, koleo, kioo kidogo chenye mpini. Kila moja ina herufi zake, A.B. Akazihesabu kwa sauti, bila aibu, mbele ya wazee waliovaa kanzu. "Moja. Mbili. Tatu." Mpaka kumi na mbili. Akaandika kwenye kidaftari, 12, na saa.

"Anahesabu kama mwenye kuku," alisema mzee mmoja.

Watu wote wakahamisha viti kwenda bandani. Nani angebaki? Kule jikoni kuna moshi tu, hapa kuna sinema. Mimi nikakiweka kigoda changu pembeni kabisa mwa kile kitenge. Siku hiyo nilivaa gomesi langu la maua, na ndani ya gomesi langu mtu anaweza kuficha kuku na vifaranga wake.

Alianza kwenye injini. Akafuata bomba la mafuta kwa vidole, polepole, kama daktari anatafuta mshipa, akakuta limepasuka ufa mdogo kama unywele, linavuta hewa. Filta ilikuwa imejaa tope. Akaisafisha, akakata kipande cha bomba kilichopasuka, akaunga upya. Nilidhani amemaliza. Akasema maadamu yupo, afungue na kinu chenyewe, pale nyundo zinapozungukia. Akaingiza kile kioo chenye mpini ndani, akachungulia, akakuta pini moja imelegea. "Hii ingetoka wiki ijayo," akasema, akaikaza.

Kichwa chake kikiwa ndani ya kinu, mkono wangu ukateremka. Nilichagua spana ndogo, nyembamba, inang'aa kama dagaa. Baadaye ndipo nilipojua ni namba kumi, na kwamba kwa mafundi wa dunia nzima namba kumi ndiyo inayopotea kila siku. Nikaisukuma chini ya gomesi nikaikalia. Vero aliona, akauma khanga.

Kijana akafunga kinu, akakaza, akafuta mikono. Watu wakapiga makofi. Kaka yangu akachukua hendeli mwenyewe kwenda kuizungusha. Aristides alikuwa anarudisha zana kwenye turubai, kila moja kwenye mfuko wake. Akafika kwenye mfuko mmoja, mkono ukasimama.

Akahesabu. Akahesabu tena.

"Baba, naomba usiwashe."

"Kuna nini?"

"Ziko kumi na moja."

Akaitoa hendeli mkononi mwa mzee kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepokea mtoto. Akaenda kwenye kikapu cha zawadi walichokuja nacho, akafungua utepe mwekundu uliofunga khanga za mama mkwe, akaufunga kwenye gurudumu la injini. Akachana karatasi kwenye kidaftari, akaandika USIWASHE, akaichomeka kwenye utepe.

Mimi nilikaa nikitabasamu. Sasa ageuke, nikawaza. Atutazame sisi wanawake, aulize, apige goti, nimtoze kitenge cha wax na soda kreti mbili. Nilishaitengeneza hata sura ya kujifanya sijui.

Hakugeuka. Hata hakututazama. Alijipekua mwenyewe. Mifuko ya suruali, mikono ya shati, ndani ya viatu. Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali ile ya posa, akapapasa chini ya injini. Akatazama alipopita kwenda garini na kurudi. Kisha akachukua spana nyingine na kuanza kufungua kinu upya, nati moja baada ya nyingine.

"Kijana wangu," alisema Protase, jasho linamtoka, maana sifa zake zote zilikuwa zinapoa, "spana ni kitu gani? Mjini Omurushaka zimejaa. Washa mashine watu wale!"

"Mzee, tatizo si kuipata nyingine. Sijui hii iko wapi."

"Imeanguka chini!"

"Labda iko chini. Labda iko ndani. Kinu kikizunguka na chuma ndani yake, kile chuma kitatoka kama risasi, na hapa kuna watu arobaini."

Waliokaa mbele wakavuta viti nyuma kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya anatafuta kivuli.

Jikoni nako mambo yaliiva zaidi ya kuiva. Kwetu chakula cha posa hakipakuliwi mpaka baba wa binti atamke. Harufu ya ndizi na nyama inatujia, na hatamki. Wifi yangu Dafroza, mama wa Joviana, akatokeza na mwiko mkononi. "Jamani, ndizi zinageuka uji! Mnaposa binti au mnaposa injini?"

Nati zilikuwa zinapangwa kwenye kitenge, safu nzima, na shati jeupe lilikuwa si jeupe tena.

Na mimi spana imeanza kunichoma. Si utani, chuma ukikikalia nusu saa kinakuuliza maswali. Ningeitoa mwanzoni tukacheka. Lakini kwa desturi hakitolewi mpaka kiulizwe, na huyu mtu haulizi! Kila nati aliyoifungua ilizidi kunifunga mimi. Ningesema nini sasa? Kwamba nilimwacha atambae kwenye vumbi kwa mchezo?

Vero akaniegemea. "Itupe kwenye nyasi nyuma yako. Wataiokota, yataisha."

Nikaipenda akili hiyo. Nikaanza kuteremsha mkono. Ndipo kaka yangu alipovuta kigoda chake, akakaa karibu kabisa na kijana, akauliza kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, nilisikia yote.

"Mbona humwulizi mtu? Hapa watu ni wengi. Pengine kuna mwenye mkono mrefu."

Nikajifanya naokota punje ya kahawa.

"Baba, zana ni zangu. Wa kwanza kushukiwa ni mimi." Akaendelea kufungua. "Mwaka wangu wa kwanza kule ilipotea tochi. Ndogo, kama kidole. Ndege imejaa abiria, mlango umefungwa, nikahesabu nikakuta haipo. Ilibidi niseme. Wakateremshwa watu wote. Tukafungua tulipofunga, Mfilipino mmoja, Mkenya mmoja na mimi, jua la kule hata chuma hakishikiki. Saa nne. Mwisho nikainama, nikasikia kitu kinanigonga goti. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, ule wa pembeni chini, nimeiweka mwenyewe."

"Ehee. Wakakufukuza?"

"Mkuu wetu aliandika kwenye kitabu, kisha akanishukuru."

"Akakushukuru! Kwa kusimamisha ndege?"

"Kwa kusema. Kule anayesema hafukuzwi, baba. Ningeweza kuiona mfukoni, nikanyamaza, nikaitupa pembeni ijifanye imeokotwa. Nani angejua? Aliniambia, aliyefanya hivyo hatagusa ndege tena. Maana siku hiyo mnatafuta tochi, kesho hamjui mnatafuta nini."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye nyasi, na spana ndani yake.

Nikamtazama Joviana. Alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, amekunja mikono, hamtazami kijana. Ananitazama mimi. Mtoto huyu nimemfundisha mwenyewe kuficha viatu vya wakwe, alikuwa ananishikia kapu. Alijua tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Aliningoja tu niseme mwenyewe, kama yule mkuu wa Ghuba.

Nikasimama. Goti likalia kwa sauti, gomesi likanibana, Vero akanivuta nikamponyoka.

"Waitu," nikasema, na mimi sauti yangu siku zote inafika barabarani, siku hiyo ilifika kwenye meno ikasita. "Waitu, wazee wangu. Spana hiyo nimeikalia mimi."

Vichwa arobaini vikanigeukia.

"Nilitaka aulize. Ndiyo desturi. Nikamngoja aulize, hakuuliza, nikaona haya." Nikapiga goti, mimi Evaresta niliyepigisha magoti wakwe tisa, nikamnyooshea spana kwa mikono miwili. "Nisamehe, baba. Ilikuwa mchezo wetu."

Aristides naye akapiga goti palepale, maana mkwe hawezi kusimama shangazi amepiga goti, tukawa wawili kwenye vumbi tunatazamana. Nilidhani ana hasira. Jasho lilikuwa limemchora mistari usoni. Aliipokea, akaifuta, akasoma namba, akaiweka kwenye mfuko wake, akahesabu zote kwa sauti mpaka kumi na mbili. Akaandika. Kisha akaniambia, kwa adabu kabisa:

"Asante kwa kusema, shangazi."

Basi hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Kilianzia kwa wazee wa kanzu, kikaruka kwa wanawake, Protase akapiga paja kofi mpaka kofia ikamtoka. "Aliikalia! Mashine nzima imefunguliwa, kumbe spana inaatamiwa!" Mtu akauliza kama imekaribia kuanguliwa. Vero alicheka kuliko wote, msaliti yule.

"Haya, washa tule!" Dafroza akapiga kelele kutoka jikoni.

"Bado, mama," alisema kijana, na watu wakaguna kama kanisani hotuba ikirefushwa. "Nimefungua, lazima nifunge. Na nikifunga lazima mtu wa pili akague. Kazini mtu hajikagui peke yake." Akamgeukia kaka yangu. "Baba, naomba wewe uwe mtu wa pili."

Kaka yangu akavua koti. Nawaambieni, nilikuwa sijamwona akivua koti mbele ya wageni tangu harusi yake mwenyewe. Kijana anakaza nati, mzee anaijaribu kwa spana, anaitikia. Nyingine. Nyingine. Vichwa viwili vimeinama kwenye kinu, kimoja cheupe kimoja cheusi. Moja ikakutwa bado kidogo. "Hii!" mzee akasema, na furaha yake ungedhani ameokota almasi. Kijana akaikaza, akashukuru. Walipomaliza akatoa kidaftari, akaweka sahihi yake, akampa mzee kalamu aweke yake chini.

Mzee hakuandika mara moja.

"Na huko Ghuba, nyumbani kwako. Mtu wa pili atakuwa nani?"

Sasa kila mtu alielewa haulizi habari za mashine.

"Ni yeye mwenyewe, baba. Joviana anakagua watu kila siku, ndiyo kazi yake." Akafikiri. "Na akiona nati imelegea, atakupigia wewe. Simu ataishika yeye, sitaikalia mimi. Na nikikosea nitakupigia mwenyewe kabla yake. Hilo naweza kuliandika."

"Usiandike," alisema kaka yangu. "Nimeliona."

Akaweka sahihi, kubwa, ndefu, ya mtu aliyesoma zamani kwa masista. Kisha akafungua utepe mwekundu kwa mkono wake, akaukunja, akauweka mfukoni. Akashika hendeli. Akazungusha mara moja, mara mbili. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikapiga *tu*, ikapiga *tu-tu*, halafu ikakubali, tu-tu-tu-tu, banda likatetemeka, na vigelegele vikapanda mpaka sikusikia hata changu. Joviana alikuwa analia na kucheka. Mzee akampungia mkono aje karibu, akaweka mkono wake juu ya ule wa kijana uliojaa grisi, akapaza sauti juu ya mngurumo.

"Nimetoa! Pakueni!"

Ndizi kweli zilikuwa uji. Tulizila hivyohivyo, na hakuna ndizi nimewahi kula tamu kama zile.

Nilidhani yangu yameisha. Kaka yangu akasimama na kibuyu cha lubisi, akagonga kwa kucha.

"Kuna faini," akasema. Protase akaanza kutafuta mfukoni, maana kwa desturi faini ni yao. "Kaa, Mzee Protase. Leo faini ni ya kwetu. Kwa kuficha zana ya mtu akiwa kazini, kwa kuchelewesha chakula, na kwa kutaka kuitupa nyasini." Macho yake yakatua kwangu. Kumbe alikuwa ameona! "Shangazi wa binti atatoa mbuzi mmoja. Atampeleka Nyabiyonza mwenyewe, kwa mama wa kijana, kwa kuwa mguu wake haukumruhusu kuja kucheka na sisi."

Sijawahi kusikia watu wakishangilia adhabu namna ile. Wakwe zangu tisa nina hakika walisikia huko waliko.

Basi Jumamosi iliyofuata nikashika njia na beberu wangu. Gari la kwanza kondakta alitutaka nauli ya watatu, mimi, mbuzi, na pembe zake. Omurushaka tuliteremka, mbuzi akala kabichi ya mtu, nikagombana, nikaomba msamaha, nikapewa kiti na chai, na habari zote za mji. Tulipofika Nyabiyonza habari ilikuwa imetutangulia. Watoto wanatuimbia njiani, watu wamejaa uani kama sikukuu, na shingoni mwa mbuzi ulikuwa ule utepe mwekundu wa posa. Kaka yangu ndiye aliyeufunga asubuhi ile kwa mkono wake.

Mama Agnetha alikuwa kibarazani na gongo lake. Aristides kasimama nyuma yake, anajizuia kucheka, hawezi. Mama akaninyooshea kidole kutoka mbali.

"Simama hapohapo! Tuhesabu kwanza." Akavaa miwani. "Mbuzi mmoja. Kamba moja. Shangazi mmoja." Akaegemea mbele, akanichungulia kwa makini. "Geuka nyuma kidogo. Nyumba yangu ina vijiko, nataka kujua unaingia na vingapi."

Nikageuka. Nikainua gomesi shubiri mbili nikalitikisa, na ua zima likaangua kicheko, mimi mbele yao.

"Haya, fungueni utepe," alisema Mama Agnetha. "Karibu nyumbani."